Programu za orodha za barua pepe: ni maboresho gani yatakayompunguzia msimamizi mzigo?

Mtunzaorodha aliuliza:

Ndugu zangu mnaosimamia orodha za barua pepe, naomba mawazo yenu kabla sijaandika mapendekezo kwa watengenezaji wa programu tunayoitumia. Ninasimamia orodha ya majadiliano yenye wanachama wapatao 1,900, na kazi hiyo naifanya kwa kujitolea, usiku, baada ya shughuli zangu nyingine. Kwa miaka mingi nimeona maboresho yakielekezwa kwa mwanachama: hifadhi ya barua inayosomeka vizuri, kurasa zinazoonekana sawasawa kwenye simu, na njia rahisi ya kujiandikisha. Hayo ni mambo mema na siyabezi. Lakini yule anayeamua barua ipi ipite na anwani ipi ifutwe bado anapapasa gizani.

Nitatoa mfano mmoja. Mwezi uliopita mjadala ulipamba moto, na mwanachama mmoja mwenye bidii akaandika kila siku kwa siku tano mfululizo. Asubuhi ya siku ya sita nilikuta programu imewasimamishia barua wanachama 212, ambao karibu wote walikuwa na anwani za watoa huduma wawili tu. Kwenye ukurasa wa usimamizi, mbele ya kila jina, palikuwa na maneno yale yale: "Barua zimerudi. Alama: 5.0." Hapakuwa na sababu, wala nakala ya barua iliyorudi, wala dalili yoyote kwamba watu hao wote walikumbwa na jambo moja kwa wakati mmoja. Ilinibidi nimwombe mtu mwenye ruhusa ya kuingia kwenye seva anisomee kumbukumbu zake, na ndipo tukagundua kwamba anwani zote zilikuwa hai. Kilichokuwa kikikataliwa ni barua za yule mwandishi mmoja.

Kwa hiyo nauliza: kama mngepewa nafasi ya kuomba mambo machache tu kwa ajili ya msimamizi, mngeomba nini, na kwa nini?

Fundi wa Seva alijibu:

Ndugu Mtunzaorodha, pole kwa usumbufu huo. Kilichokupata kinajulikana tangu Aprili 2014, pale Yahoo, na AOL muda mfupi baadaye, zilipotangaza kupitia utaratibu wa DMARC kwamba barua yoyote inayodai kutoka kwenye vikoa vyao (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @) bila kuthibitika ikataliwe moja kwa moja. Orodha ya majadiliano huvunja uthibitisho huo bila kukusudia. Kwa kuwa barua inatumwa upya na seva ya orodha, ukaguzi wa SPF, unaotazama kama seva inayotuma imeruhusiwa na kikoa, hata ukifaulu, unaithibitisha seva ya orodha na si kikoa cha mwandishi. Sahihi ya DKIM nayo, yaani muhuri wa kidijitali wa kikoa cha mwandishi, ambayo ingeweza kuiokoa barua hiyo, inaharibika pale programu inapobandika jina la orodha kwenye mada au inapoongeza maelezo ya kujiondoa mwishoni. Mwandishi mwenyewe haoni tatizo lolote. Wanaoandikiwa makosa ni wasomaji wake.

Hizo siku tano nazo si bahati mbaya. Katika Mailman 2.1, programu ya kuendesha orodha za barua pepe, kwa mipangilio ya kuanzia, mwanachama hupewa alama 1 kwa siku ambayo barua yake imekataliwa kabisa, hata kama siku hiyo zimerudi kumi, na nusu alama kikwazo kikiwa cha muda. Alama 5 zikitimia, anasimamishiwa barua. Zikipita siku 7 bila barua kurudi, hesabu huanza upya. Ina maana mwandishi anayeandika mara moja kila baada ya wiki mbili angeweza kukataliwa mwaka mzima bila wewe kujua, ilhali yule mwenye bidii amekuangushia wanachama 212 ndani ya siku tano. Hesabu hiyo ilibuniwa ili kuzigundua anwani zilizokufa, na kwa kazi hiyo inafaa sana. Kosa ni kuitumia kwa kila aina ya barua inayorudi.

Kwa sasa, kama programu yako ni Mailman 2.1.18 au toleo la baadaye, washa kipengele kinachokagua sera ya kikoa cha mwandishi kabla ya kusambaza barua, kikabadilisha anwani ya mtumaji kwa wale tu ambao vikoa vyao vina sera kali. Mimi binafsi napendelea njia nyingine: usiiguse barua kabisa. Ondoa jina la orodha kwenye mada na maelezo ya mwishoni, ili sahihi ya mwandishi ifike ikiwa nzima. Wanachama watalalamika kwa muda kwamba hawaoni tena lile jina kwenye mabano, kisha watajifunza kuzichuja barua kwa kichwa cha List-Id (mstari wa maelezo ya barua unaoitambulisha orodha), ambacho kimekuwepo tangu RFC 2919 (waraka wa viwango vya intaneti) ya mwaka 2001.

Kuhusu ombi, langu ni moja. Barua inayorudi kwa kawaida huja na msimbo wenye namba tatu zilizotenganishwa kwa nukta, uliowekewa utaratibu katika RFC 3463 ya mwaka 2003. 5.1.1 unasema anwani haipo, 5.2.2 unasema kisanduku kimejaa, na familia ya 5.7 inahusu kukataliwa kwa sababu za kiusalama au za kisera. Programu isimwandikie mwanachama alama hata moja kwa msimbo wa 5.7, badala yake imtaarifu msimamizi kwamba barua fulani ya mwandishi fulani imekataliwa na kikoa fulani.

Mpitishaji aliandika:

Naafikiana na Fundi kwa sehemu kubwa, ila nisingeitegemea misimbo peke yake. Nimesoma barua nyingi zilizorudi ambazo msimbo wake ulisema hili na maneno yaliyofuata yakasema lile, na nyingine hazikuwa na msimbo wowote isipokuwa sentensi moja ndefu yenye kiungo. Programu ikijifanya inajua, itatupotosha kwa njia mpya. Ningeomba kwanza nakala ya barua iliyorudi ionekane palepale kwenye ukurasa wa mwanachama, neno kwa neno, na pili kuwe na breki: anwani nyingi za kikoa kimoja zikirudisha barua ndani ya saa chache, hesabu ya alama isimame yenyewe hadi binadamu atazame. Breki hiyo ingekuokoa, Ndugu Mtunzaorodha, hata kama msimbo ungekuwa umeandikwa ovyo.

Linaloniumiza mimi zaidi ni foleni ya barua zinazosubiri idhini. Tuko wapitishaji watatu kwenye orodha yetu. Nikifungua foleni asubuhi nakuta barua arobaini, nyingi zikiwa barua taka, na katikati yake imo moja ya mwanachama mpya aliyetumia nusu saa kueleza tatizo lake. Zote zimepangwa sawasawa, kila moja na sababu fupi: "Mtumaji si mwanachama", au "Barua ni kubwa mno". Kutenganisha mchele na chuya hapo ni kazi ya macho tu. Naomba foleni itangulize barua za wanachama, hasa wanaoandika kwa mara ya kwanza, na inionyeshe mistari ya mwanzo ya barua yenyewe bila kunilazimisha kuifungua. Naomba pia ijulikane nani ameshaishika barua gani. Imewahi kutokea mwenzangu akamwandikia mtu ujumbe wa upole akimwomba apunguze kiambatisho, na dakika hiyohiyo mimi nikaifuta barua ile bila maelezo. Yule mtu hakuandika tena, na sikumlaumu.

Karani wa Orodha aliandika:

Nyongeza yangu ni kuhusu kujiondoa, maana kila mwanachama anayeshindwa kutoka huishia kwa msimamizi, au vibaya zaidi, huandika "Niondoeni" kwa watu wote. Kichwa cha List-Unsubscribe kipo tangu RFC 2369 ya mwaka 1998, na RFC 8058 ya mwaka 2017 ikaongeza namna ya kujiondoa kwa kubofya mara moja. Tahadhari ni kwamba programu nyingi za usalama hufungua viungo vyote vilivyomo ndani ya barua ili kuvikagua, na kama kufungua kiungo tu kunatosha kumwondoa mtu, basi mkaguzi huyo atawaondoa wanachama wasiotaka kuondoka. RFC 8058 inalizuia hilo kwa kutaka ombi la kujiondoa litumwe kwa njia ya POST (ombi la kutuma taarifa, tofauti na kufungua ukurasa tu), ambayo mkaguzi wa viungo kwa kawaida haitumii. Wanaotengeneza kipengele hiki wazingatie tofauti hiyo, na msimamizi apate kumbukumbu inayoonyesha nani ameondoka, lini, na kwa njia gani: amebofya, ameandika, ameondolewa na mpitishaji, au ameondolewa na hesabu ya alama.

Kumbukumbu hiyo naihitaji kuliko kipengele kingine chochote. Mtu akiniuliza kwa nini hapati barua, nataka nimjibu kwa uhakika.

Mtunzaorodha alirudi:

Nawashukuru sana. Nimeliangalia jambo la Fundi usiku huu: seva yetu ina toleo la zamani zaidi ya 2.1.18, hivyo kipengele cha kukagua sera hakimo. Nimeomba toleo jipya, na wakati tunasubiri nimeondoa jina la orodha kwenye mada pamoja na maelezo ya mwishoni. Barua ya yule mwanachama mwenye bidii imepita leo, na hakuna hata moja iliyorudi kutoka kwa wale watoa huduma wawili. Wanachama wote 212 nimewarudishia barua kwa mkono.

Katika mapendekezo nitaanza na breki ya Mpitishaji pamoja na nakala ya barua iliyorudi, kisha kumbukumbu ya Karani, kwa sababu mambo hayo hayahitaji programu ikisie chochote. Uainishaji wa misimbo nitauweka baadaye, na foleni nitaiandikia ombi lake la peke yake, kwani ni kazi kubwa na ikichanganywa na hizi itachelewesha zote. Ninachokiomba sasa kwenu ni mifano: mwenye barua zilizorudi ambazo msimbo na maneno yake vinapingana anitumie, akiwa amefuta anwani za watu na majina yao, ili niziambatishe na watengenezaji wawe na kitu cha kujaribia.