Naomba ushauri: binti yangu anakwama kwenye maneno marefu ya Kiingereza

Mzazi_Newala
Habari za jioni, wanajukwaa. Binti yangu alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa yuko kidato cha kwanza hapa Newala, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Jana tulikuwa barazani tukichambua korosho, naye akanisomea daftari la baiolojia. Alipofika kwenye "germination" akatamka "geminationi", akasita, akarudia, kisha akalifunga daftari. Jambo lenyewe analijua, maana mbegu za mikorosho tumezifukia pamoja kwenye viriba na ameziona zikichipua. Neno ndilo linalomshinda. Nimfundisheje kuyakata maneno ya namna hii, ilhali mimi mwenyewe huyameza nusu?

Mwalimu_Mikindani
Mwambie aanzie mkiani, ndugu. Mkia huo "-tion" ulitoka kwenye Kilatini ukapitia Kifaransa, na leo Waingereza huutamka kwa silabi moja tu, "shen". Kwa hiyo neno lenu lina silabi nne, ger-mi-na-tion, na mkazo uko kwenye "na", inayosikika "nei", yaani silabi ya pili kutoka mwisho, palepale tunapouweka sisi tunaposema "korosho". Binti anaupasua mkia kuwa ti-o-ni, ndipo mkazo unapohama na neno zima kuharibika. "Pollination" na "respiration" zimo katika njia hiyohiyo.

Binti_Masasi
Shikamoo, Mwalimu. Naongeza tahadhari, kwa kuwa mazoea hayo ya Kiswahili humponza mtu kwenye "-ity". Nilichekwa darasani kwa "electricity", kwani nilikazia "si", kumbe mkazo uko silabi ya tatu kutoka mwisho: e-lec-TRI-ci-ty.

Mchauru_Kwetu
Mimi ningekata kwa maana: "trans" ni kuvuka, "port" ni kubeba.

Mwalimu_Mikindani
Marahaba, binti. Ndugu wa Mchauru, maana husaidia kukumbuka, ila haikati mahali sauti inapokata: kwa maana ni trans-port-ation, kwa kusoma ni trans-por-ta-tion. Mzazi, ajihadhari pia na "question", ambayo mkia wake husikika "chen".

Mzazi_Newala
Nashukuru sana. Amepiga kofi moja kwa kila silabi, na mara ya tatu "jeminéishen" imetoka bila kukwama. Sasa ameniletea "photosynthesis".

Mwalimu_Mikindani
Hilo ni la Kigiriki, lakini mkazo wake uko pale alipoonyesha Binti Masasi: pho-to-SYN-the-sis.