Video ya mtori imepanda siku tisa halafu ikaganda, nianzie wapi?

Jiko la Soweto, Moshi

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua kusoma takwimu. Chaneli yangu ya YouTube ni ya mapishi ya nyumbani, wafuatiliaji 1,340, video 31. Video ya mtori (supu nzito ya ndizi na nyama) yenye dakika 11 na sekunde 20 ilitazamwa mara 6,200 ndani ya siku tisa. Siku ya kumi ikaanguka, na sasa inapata 8 hadi 12 kwa siku. Asilimia ya kubofya (kati ya mara inazoonyeshwa, ni ngapi mtu anaifungua) wiki ya kwanza ilikuwa 7.1, sasa ni 2.4. Wastani wa kutazama ni dakika 2 na sekunde 50. Jina lake: Mlo wa Asili Yetu, Sehemu ya 6.

Wapo wanaosema chaneli imefungiwa kimyakimya, wapo wanaosema niifute niipakie upya, na wengine niimwage kwenye magrupu ya WhatsApp. Kipi cha kugusa kwanza?

Fundi Kava, Arusha

Kwanza kabisa, usifute. Mara 6,200 kwa dakika 2 na sekunde 50 ni kama saa 290 za kutazamwa. Kama unazitafuta zile saa 4,000 za miezi 12 ili uanze kulipwa, YouTube inahesabu video zilizo wazi kwa umma tu, kwa hiyo ukifuta umezimwaga zote 290 pamoja na maoni na linki ambazo watu walishatumiana. Ukiipakia upya inaanza sifuri.

Habari ya kufungiwa kimyakimya iache mpaka uangalie mambo mawili. Kwenye YouTube Studio, yaani sehemu ya kusimamia chaneli, orodha ya video zako ina safu ya vizuizi: kama wimbo uliouweka nyuma umedaiwa na mwenye haki na kuzuiwa baadhi ya nchi, utaona hapo. Pili, hakikisha hukuweka alama ya "kwa ajili ya watoto". Alama hiyo inaondoa maoni na arifa, na mtu anaweza kuibofya kwa haraka tu siku ya kupakia. Kama viko sawa, hakuna aliyekufungia.

Sasa takwimu. Kushuka kutoka 7.1 hadi 2.4 peke yake si ugonjwa. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya asilimia 2 na 10. Siku za mwanzo kava lako, ile picha ya mbele ya video, linaonyeshwa zaidi kwa watu wanaokujua, nao wanabofya. Baadaye linapelekwa kwa wageni, asilimia inashuka. Swali ni nini kilianguka KWANZA. Fungua takwimu za hiyo video, sehemu ya ufikiaji, weka siku ya 5 hadi ya 14, usome mistari miwili pamoja: mara ambazo kava lilionyeshwa, na asilimia ya kubofya.

Kava likiendelea kuonyeshwa sana huku kubofya kunaanguka, wageni hawaelewi unauza nini: tatizo ni kava na jina. Maonyesho yakianguka huku kubofya kuko palepale, ama watu wako wameisha, ama waliobofya hawakukaa. Na hapo nina wasiwasi na wewe, maana dakika 2:50 kati ya 11:20 ni robo kamili ya video. Tuletee grafu ya watazamaji wanaobaki, hasa pale sekunde ya 30.

Mshare Mbivu, Machame

Nakubaliana na mkuu hapo juu ila mimi ningeanza na jina, kwa sababu ni dakika mbili za kazi. Nani anaandika "Mlo wa Asili Yetu Sehemu ya 6" kwenye kutafuta? Hayupo. Mtu anaandika *jinsi ya kupika mtori*, au *mtori wa nyama*, au *mtori wa mzazi*. Hilo la mwisho usilidharau: mtori ndio mlo wa mama aliyejifungua huku kwetu, na anayeutafuta ana haja nao leo hii. Kama mtori wako ni laini wa namna hiyo, useme kwenye jina. Una herufi 100, lakini simu inakata mapema, kwa hiyo neno "mtori" liwe la kwanza kabisa. "Sehemu ya 6" itoe. Mgeni akiona sita anajiuliza tano za mwanzo ziko wapi, anapita.

Kisha angalia vyanzo vya watazamaji. Kama wengi walitoka ukurasa wa mwanzo na waliotafuta ni wachache mno, basi hukuwa na mizizi. Ukurasa wa mwanzo ni mvua ya siku chache. Kutafuta ndiko kunakoleta kidogokidogo mwaka mzima, na mapishi ni katika vitu vinavyotafutwa. Halafu kuna msimu. Baridi ya Juni na Julai watu wanataka supu na mtori, na Desemba Wachaga wakirudi nyumbani jiko zima linabadilika. Google Trends unaweza kuiweka isome utafutaji wa YouTube badala ya wavuti, ila neno dogo wakati mwingine haitoi kitu.

Kuhusu kava: lipunguze kwenye simu mpaka liwe na ukubwa wa kidole gumba. Kama huoni bakuli ni la nini, limeshindwa. Kona ya chini kulia usiandike kitu, pale YouTube inaweka muda wa video na maneno yako yanafunikwa. Ukiwa na kompyuta na vipengele vya juu (advanced features) vimewashwa, Studio inakuruhusu kujaribu makava matatu kwa pamoja mpaka wiki mbili. Mshindi anachaguliwa kwa muda uliotazamwa, si kwa mibofyo, kwa hiyo kava la uongo halishindi kirahisi. Ila usibadilishe jina ndani ya hizo wiki mbili, hutajua kipi kimefanya kazi.

Bando la Wiki, Njiro

Hilo la magrupu ya WhatsApp. Haliui video kama wengi wanavyodai, lakini linachafua usomaji. Mibofyo ya kutoka WhatsApp haiingii kwenye asilimia ya kubofya, kwa sababu maonyesho yanahesabiwa ndani ya YouTube tu. Kwenye wastani wa kutazama inaingia, na grupu la ukoo linafungua kwa heshima, linatazama sekunde 15, linafunga. Ndiyo maana usisome wastani wa jumla. Nenda hali ya kina (Advanced mode) ya takwimu, tenganisha kwa chanzo, uone waliotoka kutafuta wanakaa dakika ngapi.

Video fupi (Shorts) zinasaidia kuliko magrupu, lakini idadi yake isikulevye: tangu 31 Machi 2025 video fupi inahesabiwa kila inapoanza kucheza, hata mtu akiipitisha papo hapo. Linki ukiiandika kwenye maelezo au maoni ya video fupi haibofyeki tangu 2023. Tumia kile kipengele cha "video inayohusiana" ndani ya Studio.

Jiko la Soweto, Moshi

Asanteni sana wakuu. Vizuizi hakuna, alama ya watoto haipo. Maonyesho na kubofya vilianguka karibu pamoja, siku ya tisa na ya kumi. Sekunde ya 30 wamebaki asilimia 41. Sekunde 22 za mwanzo ni nembo na muziki. Kitu cha ajabu, dakika ya 7:40 mstari unapanda: ni pale ndizi za mshare zinapondwa kwa mwiko mpaka zinalainika.

Fundi Kava, Arusha

Basi jibu umelileta mwenyewe. Zaidi ya nusu wanaondoka wakitazama nembo, na wanaobaki wanaruka kwenda kwenye mwiko. Hicho kipande cha 7:40 kikate sekunde 25, kiwe video fupi inayoelekeza kwenye hii. Na kava lipige picha hapo hapo, mwiko ukiwa ndani ya sufuria, si bakuli limeshapambwa.

Sekunde 22 zitoe kwa kompyuta: Studio, fungua video, kihariri, punguza, hifadhi. Linki, hesabu na maoni vinabaki. Uchakataji unaweza kuchukua saa kadhaa, na kwa muda huo watu wanaendelea kuona toleo la zamani, usishtuke ukabofya tena. Kihariri kinakata tu, hakiongezi picha mpya mbele, kwa hiyo kuanza na mwiko itakuwa kwenye video ijayo.

Fuata mpangilio huu: leo jina na mkato, andika tarehe kwenye daftari. Kava subiri siku 7, ulinganishe Jumatatu na Jumatatu, kisha ndipo uanze jaribio la makava.

Mshare Mbivu, Machame

Kama umeweka sura (orodha ya muda wa kila hatua ya video) kwenye maelezo, ukishakata punguza sekunde 22 kwenye kila muda, la sivyo mtu anabofya "kuponda" anatua kwenye kuosha sufuria. Ya kwanza lazima isomeke 0:00, ziwe tatu au zaidi, na kila moja isipungue sekunde 10, vinginevyo hazitokei kabisa.