Je, kisa cha waliotoweka Hanging Rock ni cha kweli?

Swali: Ndugu wasomaji, katika riwaya ya Joan Lindsay, Picnic at Hanging Rock, wasichana watatu na mwalimu wao wanatoweka kwenye mwamba wa Victoria, Australia, tarehe 14 Februari 1900. Je, yalitokea kweli?

Jibu la kwanza: Hapana, ndugu. Mwamba upo, lakini kisa ni cha kubuni, ingawa mwandishi alipenda kuuacha utata huo. Sura ya mwisho, yenye ufumbuzi, iliondolewa kabla ya kitabu kutoka mwaka 1967, ikachapishwa 1987 baada ya kifo chake. Binafsi naona afadhali ingebaki kabatini.

Jibu la pili: Naafiki. Kilichonigusa zaidi ni Michael, kijana Mwingereza aliyemwona Miranda, mmoja wa wasichana hao watatu, mara moja tu akivuka kijito, akampenda, akarudi kumtafuta hadi akalala mwambani, na juhudi zake zikawezesha Irma, mwenzake Miranda aliyetoweka naye, kupatikana, si Miranda.