Tamthilia mpya: unaiacha baada ya vipindi vingapi?

Jamani, nimefika kipindi cha 4, na jana nilijikuta nahesabu vifungo vya shati la mpelelezi badala ya kumsikiliza. Ila kuacha kitu katikati kunaniuma. Ninyi mnavumilia hadi wapi?

— Mimi vitatu. Cha kwanza sikihukumu, kazi yake ni kututambulisha wahusika.

— Usikate tamaa mapema, ndugu yangu. Parks and Recreation, ile tamthilia ya vichekesho ya Marekani, ilianza 2009 na msimu wa vipindi 6 tu, havikusifiwa sana. Msimu wa 2 ndipo ilipochangamka.

— Kuna mhusika hata mmoja unayetaka kujua yatakayompata?

— Yupo! Mama wa marehemu. Alikunja nguo za mwanawe, akazikunjua, akazikunja tena, hasemi neno. Kwa ajili yake naangalia cha 5 leo.