Tupeane uzoefu: unasoma kitabu gani sasa, na si cha mtihani?

Wapenzi wa vitabu, hamjambo. Naomba kila mmoja aseme kilicho mkononi mwake wiki hii: ni kitabu gani, umekipata wapi, umefika wapi. Sharti ni moja tu, usiwe unakisoma kwa ajili ya mtihani. Wengi wetu tuliosoma sekondari hapa Kenya tulikutana na riwaya za Kiswahili kupitia "eleza muktadha wa dondoo hili". Siku tulipomaliza karatasi ya tatu tukafunga kitabu, hatukukigusa tena. Naamini kuna starehe tuliyonyimwa pale, na bado ni yetu.

Mimi nasoma Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Nimeinunua kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza turubai barabara ya Tom Mboya. Ilikuwa ya mwanafunzi. Kila ukurasa una penseli: "sifa za Kongowea", "tashbihi", "swali hili huja!" Ila ukifika mahali mama yake Kongowea, Zainabu Makame, anapofariki, penseli inakatika. Kurasa kadhaa hazina hata nukta, kisha "tashbihi" zinaanza tena. Huyo mwanafunzi, popote alipo leo, hapo aliacha kusaka alama akawa anasoma. Nami namfuata Kongowea anavyomtafuta baba yake, kutoka Tanga hadi Kitale. Walibora tulimpoteza Aprili 2020, hapa hapa Nairobi. Wengi tulimjua kwanza kwa sauti, akisoma habari runingani, na mimi nikisoma kimyakimya bado naisikia.

Haya, nani anafuata?

Mama wa Buruburu

Niko na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980. Shuleni tuliandikishwa kwamba Maimuna ni "kielelezo cha upotovu", tukakariri hivyo. Leo nina binti wa kidato cha pili na siwezi tena kumsoma Maimuna kwa jicho lile. Namwona msichana aliyefungiwa ndani na baba yake, Maksuudi, mheshimiwa anayepigiwa makofi huko nje. Dunia haijui hata kwa dirishani. Halafu mlango ukishafunguka anatarajiwa ajue kutembea. Nani alimfunza?

Nasoma usiku vyombo vikishaoshwa. Juzi binti alinikuta nafuta machozi, akauliza kuna nini. Nikamsomea ukurasa mzima kwa sauti. Tangu siku hiyo kitabu hakikai nilipokiweka. Nikikiacha kwenye kochi, asubuhi kiko chini ya mto wake. Sasa kina alama mbili, yangu ni risiti ya gesi, yake ni kipande cha utepe wa nywele, na utepe umeshanipita. Jana akaniambia, "Mama, huyo Maksuudi mimi simsamehi, hata akizeeka namna gani." Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Makanga wa Kawangware

Salamu wakubwa. Mimi ni Shetani Msalabani, tafsiri ya Kiswahili ya Caitaani Mũtharabainĩ yake Ngũgĩ wa Thiong'o. Kitabu chenyewe alikiandika kwa Kikuyu akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi za choo, kikachapishwa 1980. Alipofariki Mei 2025 kila mtu alikuwa anabandika picha yake. Mimi nikasema wacha nimsome.

Kilichonishika ni ile safari ya matatu. Wariinga na wenzake wanasafiri usiku kwenda Ilmorog, na humo ndani ya gari kila abiria anafungua moyo, anasema yaliyomfika hapa mjini. Hiyo ni kweli kabisa. Mtu akishakaa kiti cha dirishani, gari likakwama Ngong Road, atamwambia jirani yake mambo ambayo hata mkewe hayajui. Nasoma stejini tukingoja gari lijae. Dereva wangu si mtu wa vitabu, lakini kila jioni tukiosha gari ananiuliza, "Wamefika?" Namsimulia pale nilipoachia. Wiki jana sikusoma siku mbili, akanuna.

Bin Mvita, South C

Makanga ndugu yangu, Kamiti imetupa na diwani pia. Abdilatif Abdalla alifungwa kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi?, akakaa ndani kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga humo ndiyo Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973. Ndiyo ninayoirudia sasa. Naisoma kwa Kimvita cha kwetu, na siharakishi, shairi moja kwa jioni moja.

Mnazi: Vuta N'kuvute ni majibizano ya ndugu wawili juu ya mnazi mmoja, kila mmoja anadai. Nilimpigia simu kaka yangu aliye Kisauni, nikamsomea ubeti, naye akanijibu ubeti unaofuata bila kitabu. Kwetu kuna kiwanja hatujakubaliana. Jioni ile hatukukitaja, ila tuliongea muda mrefu kuliko mwaka mzima uliopita.

Mwanafunzi, Ngara

Peponi. Ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis, ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Shangazi amenitumia kutoka Dar es Salaam kwa basi. Niko pale Yusuf anaposafiri bara na msafara wa Ammi Aziz. Naisomea Maktaba ya McMillan, ile yenye simba wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa 1931. Nje ni honi na wahubiri, ndani unasikia kurasa zikifunguliwa.

Ila niseme ukweli: vitabu vipya ni ghali. Bei ya riwaya moja ni unga na maziwa ya siku kadhaa. Tukisema watu hawasomi, tuanzie hapo.

Mwanzilishi

Mwanafunzi umesema kweli, na ndiyo maana nataka vizunguke. Siku Njema nikiimaliza ni yako, na penseli zake zote. Mama wa Buruburu, mkimaliza Utengano, wewe na binti, naomba niwe wa kwanza kwenye foleni. Bin Mvita, yako sikuombi, najua huitoi.

Mama wa Buruburu

Utaipata akishakubali mwenye utepe.

Mlinzi wa usiku, Industrial Area

Nimewasoma nyote. Mimi nimeanza Rosa Mistika ya Kezilahabi jana usiku, zamu nzima. Tafadhali, asije mtu hapa akanitajia mwisho.