Uliyepata vyuo viwili vya udaktari, ulichaguaje? Tupeane uzoefu

Mama Tumaini: Wakuu, habari za asubuhi. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), majina yametoka jana, kachaguliwa udaktari Muhimbili ya Dar na KCMC ya Moshi. Nyumba nzima hatujalala. Baba anataka Muhimbili, jina alilokua akilisikia. Mama anataka Moshi, kwa sababu tupo Same na basi ni saa mbili tu. Dogo mwenyewe kakaa kimya na simu yake. Mliopitia hapa, mliamuaje? Semeni yaliyowakuta wenyewe.

Sista Wodi ya Wazazi: Umenikumbusha mbali. Miaka tisa iliyopita nami nilipata viwili: cha serikali, mbali na kwetu, na cha binafsi, dakika ishirini kwa daladala kutoka nyumbani. Nikapiga hesabu ya chumba na chakula, nikaona cha karibu ni nafuu. Hesabu ya ada sikuipiga. Mkopo ulipotoka nikapewa sehemu tu ya ada, iliyobaki ni zaidi ya milioni mbili kila mwaka, na mzee wangu ni fundi cherehani. Mwaka wa kwanza akauza kiwanja. Mwaka wa pili hakikuwepo cha kuuza.

Siku ya mtihani wa patholojia nimeshakaa, nimeshaandika namba yangu juu ya karatasi, msimamizi akaingia na orodha ya wanaodaiwa. Jina langu lilikuwa la tatu. Akaichukua karatasi taratibu, hakunifokea. Bora angenifokea. Nilitoka na kalamu haijafunikwa, wino umenichafua kiganja, nikakaa chini ya mwembe nje ya ukumbi nikiwasikia wenzangu wanavyogeuza kurasa. Mzee akafika saa nane na bahasha ya laki nane. Alikuwa amezunguka kwa wateja wake kuomba malipo ya nguo ambazo hajazishona. Ule mtihani nikaja kuufanya na wenye sapu, wale wa kurudia mtihani. Nimemaliza, nipo kazini, namshukuru Mungu. Ila mama, ada ya miaka mitano ijumlisheni yote leo, kwenye karatasi, kabla hamjagombania jina.

Mkulima wa Kahama: Nakazia. Ada kwanza.

Stetoskopu: Pole sana dada. Na ni kweli, Muhimbili ni ya serikali, KCMC ipo chini ya taasisi ya Msamaria Mwema, ada hazilingani. Ila jina nalo lisidharauliwe. Muhimbili wanafundisha madaktari tangu 1963. Mgonjwa aliyeshindikana mikoani anapelekwa pale. Utayaona magonjwa ambayo wenzako wanayasoma kitabuni.

Raundi ya Asubuhi: Utayaona kwa mbali. Nimesoma kwenye hospitali kubwa, jina silitaji. Raundi ya profesa tumezunguka kitanda safu tatu, mimi wa nyuma naona visogo vya watu. Rafiki yangu alikuwa hospitali ya misheni. Hadi mwaka wa nne ameshazalisha akina mama wengi, mimi bado nasubiri zamu ya kushika mkasi.

Stetoskopu: Ukifika mapema unasimama mbele. Wodi haimfuati mtu kitandani.

Raundi ya Asubuhi: Unamwambia nani? Saa kumi na moja alfajiri nipo wodini, miaka mitatu. Usinihesabie uvivu usioujua.

Mwana wa Namanyere: Samahani nawakatiza, kuna jambo la leoleo. Mimi nilipata viwili nikaponea chupuchupu kukosa vyote. Niliombea steshenari, kijana wa pale akajaza namba yake ya simu badala ya yangu, nami sikujua. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanatuma namba ya siri ya kuthibitisha kwenye simu au barua pepe uliyojazia. Yangu ikaenda kwake. Naye yupo msibani Kirando, ziwani kule, simu haipatikani. Zimebaki siku mbili.

Nikakodi bodaboda. Nafika na vumbi hadi kwenye kope, namkuta makaburini, ndiyo kwanza jeneza linashushwa. Ningemwambia nini pale? Nikapokea koleo, nikafukia pamoja na watu mpaka mwisho, ndipo nikamsogelea. Simu tukaichaji kwenye sola ya duka. Ilipowaka zikaanza kuingia rambirambi, na katikati yake ujumbe wangu. Nikaiandika ile namba mkononi kwa kalamu. Kesho yake, siku ya mwisho, usiku wa saa tano, nikathibitisha Bugando, Mwanza. Sikupata hata nafasi ya kulinganisha.

Mkulima wa Kahama: Eti ukafukia kwanza! Mungu akuzidishie.

Binti Ujiji: Na kijana wa steshenari ulimfanya nini?

Mwana wa Namanyere: Aliyezikwa alikuwa mama yake. Ningemfanya nini?

Binti Ujiji: Basi. Mama Tumaini, kaangalie namba iliyojazwa SASA HIVI.

Kipimajoto: Mimi nasema Moshi. Baridi ile mtu hasinzii kwenye kitabu. Na akipenda ngozi au macho, pale ndipo nyumbani kwake.

Stetoskopu: Na akipenda mifupa au moyo? MOI, taasisi ya mifupa, na Jakaya Kikwete, ya moyo, zipo palepale Muhimbili.

Sista Wodi ya Wazazi: Mtoto hajashika hata mgonjwa mmoja, mmeshampa ubingwa.

Kipimajoto: Dar asiende bila ndugu. Kodi wanataka ya miezi sita.

Raundi ya Asubuhi: Aende popote, asiende kwa sababu ya rafiki. Niliyemfuata mimi aliacha mwaka wa kwanza, nikabaki peke yangu.

Mama Tumaini: Nimerudi. Namba iliyojazwa ni ya shangazi yuko Tanga, nimempigia, kanisomea namba ya siri tarakimu moja moja. Jana usiku tumejumlisha ada kwenye daftari la mama la vikoba, baba ndiye aliyeandika. Alipofika mwisho akaweka kalamu chini, akamuuliza dogo, kwa mara ya kwanza, yeye anataka wapi. Dogo akasema Muhimbili. Amethibitisha. Mama hakusema kitu, ila leo alfajiri nimemkuta anafua shuka mbili za kumfungia safari. Mwenye chumba Upanga au Kariakoo, cha kuchangia na kijana mtulivu, aniandikie tafadhali.