Mabosi wa kampuni za upimaji, mnanunua makabati ya gari bila kutuuliza, halafu bikoni (alama za mpaka wa viwanja) zikikosewa mnatukata posho sisi!

Wakuu,

Nimerudi kutoka Kiteto juzi usiku na hasira haijaisha, kwa hiyo mnivumilie, uzi ni mrefu. Mimi ni mpima ardhi, huu ni mwaka wa 11 niko saiti. Nasema na mabosi wa kampuni za upimaji, na watu wao wa manunuzi, na wanaotuuzia makabati ya gari.

Miezi michache iliyopita kampuni yetu ilinunua seti ya droo za chuma za kufunga nyuma ya Hilux dabo kebini tunayofanyia kazi. Rangi nzuri, kufuli kila droo, ndani visahani vidogo vidogo vya kupangia skrubu. Siku zinafungwa, ofisi nzima ilitoka nje kupiga picha. Hakuna mpima hata mmoja, wala cheinmeni (msaidizi wa mpima, ndiye anayeshika fimbo ya kupimia), aliyeitwa kabla akaulizwa: jamani, kwenye hili gari huwa mnabeba nini?

Tungewajibu kwa dakika mbili. Tunabeba totali stesheni, ile mashine ya kupimia pembe na umbali, na miguu yake. Bezi na rova, vile vipokezi vya GPS. Fimbo mbili za prizimu (kioo ambacho mashine inakilenga), levo ya kupimia kimo, na stafu, rula yake ya mita 5. Halafu nondo zilizokatwa za kuweka katikati ya bikoni, simenti mifuko minne au mitano, mchanga kama tunakokwenda haupatikani, madumu ya maji, sururu, jembe, mapanga, nyundo ya kilo 5, rangi ya kupuliza. Na tunabeba watu! Mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa mpaka lazima wapande, maana wasiposimama pale wakaonyesha mpaka wao, hupandi bikoni ya maana. Sasa niambieni visahani vya skrubu ni vya nani.

Droo zile zina urefu wa sentimita 90. Miguu ya mashine ukiikunja inapita mita moja. Stafu ukiifunga inapita mita moja. Fimbo ya prizimu vilevile. Maana yake kila kitu kirefu, na hivyo virefu ndivyo vinavyoshika usahihi wa kazi, kikakosa pa kulala. Vikapandishwa juu ya droo pamoja na nondo na sururu, vikafungwa kamba moja. Barabara za kule mnazijua, vumbi na mawimbi kilomita kwa kilomita. Gari linatetemeka mpaka meno yanauma. Nondo ziligonga zile fimbo siku tatu mfululizo.

Siku ya nne tumepanda bikoni, mzee mmoja mwenye kiwanja akaja na tepu yake. Upande uliotakiwa kuwa mita 20 ukatoka 19.94. Akapima tena. Akaniangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Mwanangu, hizi sentimita 6 umempa nani?" Jirani yake alikuwa amesimama palepale. Wakuu, nimetukanwa na watu wengi kwenye kazi hii, lakini swali lile limenikaa kifuani hadi leo, kwa sababu kwa mzee yule mimi nilikuwa mwizi wa ardhi mbele ya kijiji.

Tukakagua kila kitu. Mashine haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa fimbo: imepinda kidogo, na pima maji yake ya duara imegongwa ikahama. Fimbo ya mita 2 ikiinama digrii moja tu, prizimu na ncha ya chini vinapishana milimita 35. Cheinmeni anaona kiputo kiko katikati, anasema tayari, na amesema kweli kwa anachokiona. Bikoni moja tuliipanda mashine ikiwa mashariki, ya pili mashine ikiwa magharibi. Cheinmeni huwa anaielekea mashine, kwa hiyo kosa la kwanza lilikwenda huku na la pili likaenda kule, yakajumlishana. Sentimita 6 zako hizo hapo, mzee wangu.

Tulirudia viwanja 31, siku nne. Ofisi ikasema ni uzembe wa timu, siku zile nne hazina posho. Cheinmeni wangu ana watoto watatu. Aliyechagua droo za sentimita 90 mshahara wake umeingia mzima.

Mnaosema vifaa vitunzwe na wapima wenyewe, nendeni mkasome kitabu cha maelekezo cha mashine za Leica. Kimeandika wazi kwamba mashine isibebwe ikiwa huru ndani ya gari, kwa sababu ya mishtuko na mtetemo. Ikae kwenye boksi lake na boksi lifungwe lisicheze. Nitaifungia wapi? Mahali salama kuliko pote kwenye dabo kebini ni kiti cha nyuma, boksi limekazwa kwa mkanda wa abiria. Lakini hapo amekaa mwenyekiti na majirani wawili. Kwa hiyo ni lazima kule nyuma pawe na nafasi ya mashine iliyopimwa kwa boksi la mashine. Nafasi inayobaki baada ya kupanga vingine haitoshi.

Na msidhani kabla ya droo mambo yalikuwa mazuri. Tulikuwa na boksi la kuchomelea la bati la milimita 3. Bati hilo lina kilo 23 na nusu kwa kila mita moja ya mraba, na boksi lilikula karibu mita 9 za mraba. Hizo ni zaidi ya kilo 200 za chuma kabla hujapakia hata panga. Weka mifuko mitano ya simenti, kilo 250 nyingine, na watu watano ndani, halafu mshangae springi zinakatika.

Juani chuma kinakuwa jiko. Makopo ya rangi ya kupuliza yameandikwa yasizidi nyuzi 50. Mashine nayo ikitoka kwenye joto hilo haipimi vizuri papo hapo. Leica wanashauri kama dakika 2 kwa kila nyuzi moja ya tofauti, na isipungue dakika 15. Boksi likiwa na 50 na nje kuna 30, mmekaa dakika 40 mnaitazama. Vumbi ndiyo balaa kabisa: gari likikimbia, hewa ya nyuma inazunguka na kulivuta kuingia penye kila upenyo. Reli za droo zilijaa, wiki ya pili mbili hazifunguki bila kupigwa teke.

Mpangilio mzuri nimeuona, tuliutengeneza kwenye kazi yangu ya zamani. Tulimwaga vifaa vyote sakafuni, seremala akavipima kimoja kimoja, na hapo ndipo alipogusa mbao. Alitumia marini bodi (plaiwudi inayostahimili maji) ya milimita 12, uzito hata nusu ya lile bati haufiki. Upande mmoja wa bodi ya gari, kuanzia kebini hadi mlango wa nyuma, palikuwa na mfereji wa fimbo, miguu na stafu tu, kila kimoja kimelala kwenye pango lake lililovikwa mpira wa tyubu. Nondo zilikuwa na mfereji wao upande wa pili, hazigusani na kitu. Simenti ililala chini, imeegemea kebini. Boksi la mashine lilizungukwa na godoro gumu pande zote, na tulikuwa tunalitoa godoro kulianika kila tulipolowana, maana sponji mbichi ni ukungu kwenye lenzi. Mlango wa nyuma tuliuwekea mipira ya milango ya magari chakavu. Kila asubuhi tulikagua fimbo kwa kuizungusha: kiputo kikihama, hatuanzi kazi. Misimu miwili ya fildi, hatukupinda hata fimbo moja. Kwa bei ya droo zile seremala yule angetengeneza mpangilio wa magari matatu.

Jumatatu nina kikao na uongozi. Ninakwenda na mambo mawili: posho ya siku nne irudi kwa timu nzima, na hizo droo zitoke kwenye gari. Wapima mlioko humu, mwenye picha za mpangilio wa gari lake uliovumilia masika na barabara za vumbi aziweke hapa pamoja na vipimo, nizichapishe niende nazo.